Wa kwanza kuulizwa ni mshika funguo

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwanafunzi wa chuo akitoweka hosteli, nani aulizwe kwanza, mzazi, chuo, polisi au mwenye hosteli? Wengi niliowasikia wakilijadili hapa Kikoni, mtaa wa hosteli jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, wanakimbilia polisi, na wanaobaki wanamtupia mzazi: "Alimlea vipi?" Mimi ni mlezi wa hosteli ya wasichana. Kwenye karatasi naitwa kastodiani, kwenye ngazi naitwa Aunti. Jibu langu ni kwamba niulizwe mimi. Mwenye hosteli simtaji, maana yeye tunamwona mwanzo wa muhula kodi inapolipwa, halafu basi. Aulizwe yule anayelala pale pale chini, anayejua mlango upi unagoma kufunga na msichana yupi haonekani Ijumaa jioni.

Ninavyoona mimi, mtu hapotei siku polisi wanapoambiwa. Amepotea siku mbili tatu kabla, na siku hizo zilikuwa mikononi mwetu sisi wa hosteli. Ndizo tunazozichezea.

Chukueni kitabu cha getini, kwa sababu ndicho cha kwanza kuombwa mambo yakiharibika. Chetu ni daftari kubwa la mistari, jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikaondoka na mgeni. Kina safu tano: jina, unayemtembelea, chumba, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Ukisoma safu ya majina utaona tumebarikiwa wageni. Obama amekuja mara nyingi. Jet Li amekuja. Marehemu Idi Amin aliingia saa mbili usiku kumwona mtu wa ghorofa ya pili, mwandiko mzuri kabisa. Safu ya saa ya kutoka ni nyeupe kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu nusu ya vijana wa Kampala bado wamo ndani. Askari wetu si mzembe. Muda huo huo anafungulia boda boda aliyeleta chakula, anawasha jenereta umeme ukikatika, na anabishana na mtu wa maji. Wakazi wenyewe hawaandikwi popote. Wanapita tu, si kwao? Basi siku mkazi akitoweka, kitabu kitakupa habari za kila mtu isipokuwa yule unayemtafuta.

Anayejua ni mwenzake wa chumba, na anajua usiku ule ule wa kwanza. Anaona kitanda hakijalaliwa, anapiga simu haipatikani, anaona mswaki uko kwenye kikombe na dawa za pumu ziko dirishani. Lakini ukimwuliza asubuhi mwenzako yuko wapi, atakuambia: "Aunti, amekwenda kwa dada yake Ntinda." Tangu nianze kazi hii sijaona msichana asiye na dada Ntinda. Anasema hivyo kwa wema. Anajua mwenzake ana mpenzi ambaye baba hamjui, au ana somo la kurudia ambalo nyumbani hawajaambiwa, au ada imeliwa na beti. Akitoa habari, halafu Jumatatu mwenzake akaingia akicheka kutoka Jinja, yeye ndiye ataitwa msaliti mpaka muhula uishe. Kwa hiyo anasubiri, nami kwa kuwa nimeridhika na jibu la Ntinda nasubiri, na askari hana habari.

Huwa nawasimulia wasichana wapya kisa cha Ronald Tammen, kwa sababu ni cha mbali na hakimuumizi yeyote wanayemjua. Alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Miami University, chuo ambacho licha ya jina lake kiko mji wa Oxford, jimbo la Ohio, Marekani. Jumapili tarehe 19 Aprili 1953 alikuwa bwenini, Fisher Hall. Jioni aliomba shuka safi kwa kuwa kuna aliyemwekea samaki kitandani, utani wa wanafunzi. Mwenzake wa chumba aliporudi usiku alikuta taa inawaka na kitabu cha saikolojia kimefunguliwa mezani. Nguo zipo. Gari lipo nje, na ndani yake kuna besi kubwa aliyokuwa akiipiga kwenye bendi. Mwenye vitu hayupo. Mwenzake alidhani amekwenda kulala kwenye nyumba ya chama chao cha wanafunzi, naye akalala. Ni dhana ya kawaida kabisa. Hata mimi ningedhani hivyo. Ronald hajaonekana hadi leo, na jengo lenyewe lilibomolewa 1978. Wapenda mafumbo hubishana juu ya yule samaki, na juu ya mwanamke wa kijiji cha Seven Mile aliyesema kijana mmoja alimgongea mlango usiku ule akiuliza habari za basi. Wabishane. Mimi sivuki pale kwa mwenzake aliyelala, maana hapo ndipo kila hosteli ya Kikoni ilipo usiku wa leo.

Kisa cha pili ni cha Kristin Smart, na huyu alipotezewa muda na watu wazima waliolipwa mshahara. Alikuwa na miaka 19, akisoma chuo cha serikali huko San Luis Obispo, California. Usiku wa kuamkia 25 Mei 1996 alitoka kwenye sherehe akirudi bwenini, asifike. Ilikuwa wikendi ya sikukuu. Wenzake walitoa taarifa, lakini polisi wa chuo walichelewa kumhesabu kuwa mtu aliyepotea. Labda amesafiri, labda atarudi sikukuu ikiisha. Ingawa pesa zake na vitambulisho vyake viliachwa chumbani. Mbwa wa kunusa maiti walipoingizwa kwenye bweni la kijana aliyeonekana naye mara ya mwisho, Juni ilikuwa inaisha na kijana ameshahama. Yule kijana alikuja kutiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2022, miaka 26 baadaye, na hata hukumu inasomwa mwili ulikuwa haujapatikana. Mwaka 1998 California ilipitisha sheria yenye jina la Kristin, ikivitaka vyuo na polisi wa mji waandikiane mapema nani atachunguza nini. Yaani mpaka mtoto wa watu apotee ndipo wakubwa wakae mezani wagawane kazi.

Sisi bado hatujakaa mezani. Zamani wanafunzi wa Makerere walilala kwenye mabweni ya chuo, na kila bweni lina mlezi wake anayetambuliwa na chuo. Tangu miaka ya 1990, chuo kilipofungulia mlango wanaojilipia ada, vijana wamejaa nje ya uzio: Kikoni, Wandegeya, Kikumi Kikumi, na kwa vyuo vingine huko Banda na Kansanga. Chuo kinasema hosteli si yangu. Mwenye hosteli anasema mwanafunzi si wangu, mimi ni mpangishaji. Mzazi yuko Kitgum au Kabale anadhani mtoto yuko "chuoni."

Nilikiona kinachotokea hapo katikati nilipoitwa kutafsiri. Mama mmoja alikuja kutoka upande wa Koboko. Alikuwa na Kikakwa na Kiswahili tu, majirani wa hosteli ya kijana wake wanasema Kiganda, na mtu akakumbuka kwamba mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, Kiswahili ndicho tulichochezea. Sitaitaja hosteli ile, na kijana pia simtaji. Wiki ya pili ilikuwa inakatika. Wenzake walikuwa wamenyamaza wakidhani amekwenda nyumbani. Nyumbani walidhani ana mitihani.

Meneja alitupeleka stoo. Kwa kuwa kodi ilikuwa imekwisha, chumba kilishafagiliwa na kupewa mtu mwingine, na vitu vya kijana vilitiwa kwenye magunia mawili ya mahindi. Mama aliyafungua mwenyewe, kitu kimoja kimoja, akikipanga sakafuni: beseni, pasi, viatu vya kanisani vimefungwa kwa gazeti, chaja, daftari la hesabu, na sanduku la bati alilotoka nalo shule ya sekondari, kufuli bado liko juu yake. Ufunguo hakuna anayejua uliko. Halafu akamgeukia meneja, nami nikatafsiri: "Mwanangu, mlango wa mtoto wangu ulifungwa na nani mara ya mwisho?" Meneja hakujua. Hakujua chumba kilikutwa kimefungwa kwa ndani, kwa nje, au kimeachwa wazi. Aliyekifungua kukifagia alikuwa kibarua wa siku moja.

Tulipokwenda kituoni, polisi hawakuwa wabaya, lazima niseme. Afande wa zamu alijua Kiswahili cha kambini, akampa mama kiti. Maelezo yakaandikwa kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili, akatia dole gumba. (Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba iliporekebishwa 2005, lakini karatasi za kituoni bado hazijaambiwa.) Walitaka namba ya simu ya kijana ili waombe orodha ya mawasiliano yake. Namba ilikuwepo, ila laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba wake, kama laini nyingi za hawa vijana. Mjomba yuko Sudani Kusini kwa biashara. Hilo peke yake lilikula siku nyingine. Kijana yule hadi leo hajapatikana, na mimi siwezi kumlaumu afande aliyepewa kesi ikiwa imeshapoa, chumba kimeshadekiwa, na hakuna shahidi anayekumbuka ilikuwa Jumatano au Alhamisi.

Kuna msomaji atasema mimi najifanya sijui nchi niliyomo. Anajua kwamba wapo waliotoweka kwa sababu nyingine kabisa, yaani wamechukuliwa na dola, na walezi wao walijua vizuri sana. Ndiyo, na mfano wenyewe uko hapa juu kilimani. Mapema mwaka 1976, enzi za Idi Amin, Esther Chesire, mwanafunzi Mkenya wa Makerere, alionekana mara ya mwisho uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kwenda kwao. Kenya ikauliza. Ikaundwa tume. Mlezi wa Africa Hall, bweni la wasichana, alikuwa Theresa Nanziri Bukenya, na yeye ndiye aliyetakiwa kueleza habari za mwanafunzi yule. Aliuawa Juni mwaka huo huo, akiwa mjamzito, kabla ya kutoa ushahidi. Mwenyekiti wa tume, profesa wa jiografia Bryan Langlands, akafukuzwa nchini. Miaka miwili kabla ya hapo Amin mwenyewe alikuwa ameunda tume nyingine ya kuchunguza watu kutoweka, chini ya Jaji Mohamed Saied. Ilisikiliza mashahidi 545 na kuorodhesha kesi 308, na kamatakamata haikukoma. Baba yangu alikuwa polisi enzi hizo, na nyumbani mambo haya yalizungumzwa redio ikiwa juu.

Nimefikiri sana juu ya mama Bukenya, kwa kuwa kazi yake ndiyo kazi yangu. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu anayejua nani analala chumba gani na nani aliaga akiondoka. Wakubwa wa wakati ule, kwa ubaya wao, walielewa jambo ambalo wasomaji wenu wanaomkimbilia polisi hawajalielewa: anayejua kwanza ni mlezi.

Na hofu haijaisha. Baada ya uchaguzi wa 2021 kila mtu Kampala alijua maana ya "droni," zile Toyota HiAce zilizokuwa zikiokota vijana. Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, alipeleka Bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wameshikwa. Kuna wazazi waliojua kwa orodha ile kwamba mtoto yu hai. Kwa hiyo mwanafunzi akitoweka leo, mwenzake wa chumba anawaza mawili kwa pamoja: yuko kwa mpenzi, au amechukuliwa. Ya kwanza inamfanya anyamaze kwa aibu, ya pili anyamaze kwa woga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ukihisi ni droni usiende polisi. Nenda, na nenda mapema. Ukifika kituoni na habari yako ikaandikwa kwenye kitabu cha matukio, unapewa namba, ile tunayoiita SD, na namba hiyo ina tarehe na saa. Kama kijana yuko kwa mpenzi, namba haikudhuru. Kama ametekwa na mhalifu, saa ile ndiyo ya kuanzia kuvuta simu. Kama ameshikwa na dola, Katiba ya 1995, ibara ya 23, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na wakili wako anahitaji karatasi ya kuonyesha saa zilianza kuhesabiwa lini. Watu wananiambia, "Aunti, si lazima tungoje saa 24 kwanza?" Saa zilizomo kwenye Katiba ni za kumbana anayemshika mtu. Mzazi hakuwekewa saa za kungoja.

Hosteli ifanye nini, basi? Wazo langu nimeliiba Marekani na silionei haya. Sheria yao ya elimu ya juu ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vyenye mabweni vimpe kila mkazi nafasi ya kuandika, kwa siri, jina la mtu wa kupigiwa simu iwapo ataonekana amepotea, na chuo kikishaamua kwamba kweli hayupo, mtu huyo aambiwe ndani ya saa 24. Aliye chini ya miaka 18 mzazi wake huambiwa vilevile. Kilichonivutia ni lile neno la siri. Mwanafunzi ndiye anayemchagua. Anaweza kuwa dada, rafiki, mchungaji, hata huyo mpenzi.

Kwetu ni nusu karatasi: jina, chumba, mtu wangu wa kupigiwa, namba yake, laini yangu imesajiliwa kwa jina la nani. Hiyo ya mwisho nimeongeza mwenyewe baada ya yule mjomba wa Sudani Kusini. Karatasi inaingia kwenye bahasha, msichana anaifunga kwa gundi mbele yangu na kutia sahihi juu ya mfuniko, nami naweka kabatini. Mwisho wa mwaka anaichukua ikiwa haijafunguliwa. Mwenye hosteli alikataa kununua bahasha, akasema ni mambo ya kizungu.

Siku ya kwanza nawaambia hivi: mwenzako asipolala hapa na hukupata neno lake, niambie asubuhi. Sitampigia baba yake. Nitagonga, nitapiga simu yake, na jioni nikiwa sijampata nitafungua bahasha. Yule wa kwenye bahasha akisema "yuko hapa, Aunti, samahani," nimekwisha, sina swali la pili. Akisema hajui, basi saa hiyo hiyo ni mzazi, ofisi ya mkuu wa wanafunzi na kituo cha polisi, na chumba nakifunga kwa kufuli langu, hata kodi iwe imekwisha, hata mwenye hosteli anune. Mwenzake namtafutia kitanda kwingine. Hakuna kufagia.

Imebadilisha nini? Jibu la Ntinda limepungua, si kwamba limekwisha. Wasichana wananitumia ujumbe: "Aunti niko salama, narudi kesho." Siwaulizi wako wapi. Wengine wanaona huu ni udaku na wamehamia hosteli zisizo na maswali, ni haki yao.

Wazazi ndio wagumu. Baba mmoja wa Masaka alikuja juu: ada analipa yeye, kodi analipa yeye, kwa nini jina la kwenye bahasha lisiwe lake? Nilimwambia, mzee, binti yako akiandika jina lako hakuna anayemzuia, na wapo wanaoandika baba. Akaniuliza yeye ameandika nani. Nikamwambia bahasha imefungwa, sijui. Alikaa kwenye benchi la getini kwa muda, kisha akampigia bintiye simu ashuke. Walichozungumza sikukisikia. Ila alipoondoka aliniomba namba yangu, na mpaka leo hunipigia mwanzo wa kila muhula kuniuliza kama binti ameshafika.

Mlezi wa hosteli ya wasichana, Kikoni, Kampala